Mume wangu ni kundi O na ana TB. Je, wanangu wa kundi O wako hatarini kuliko mimi wa B?

*"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Mbeya, Uyole. Mume wangu amekohoa tangu mwezi wa tano, tukidhani ni baridi tu. Miaka sita amefanya kazi Makongolosi kule Chunya, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wiki mbili zilizopita alipimwa makohozi akakutwa na TB, ameanza dawa. Walimpima na damu, ni kundi O. Watoto wetu wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitatu, nao ni O. Mimi ni B, nilipimwa kliniki nikiwa mjamzito. Sasa kwenye grupu letu la kikoba kumetumwa ujumbe kwamba watu wa O ndio wanaoshikwa na TB kirahisi, na wa B damu yao ni nzito, haishikwi. Nikihesabu naona ni kweli, maana baba mkwe naye alikufa kwa kifua na kadi yake iliandikwa O. Mama mkwe, ambaye mwezi wa saba alikuja akamuuguza mwanawe wiki tatu, anataka nimpelekee watoto Tukuyu haraka. Nesi wa kliniki ya TB amesema twende wote tukapimwe, lakini mimi sikohoi na ni B, naona bora hiyo nauli niwasafirishie watoto. Vyombo vya mume wangu nimeshavitenga. Je, nafanya sawa? Na kundi la damu linaweza kubadilishwa?"*

Marahaba dada yangu, na pole kwa kuuguliwa.

Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata, kwa sababu naona nauli ya Tukuyu iko mkononi tayari. Watoto wasisafiri kabla hawajapimwa. Wewe mwenye B nenda nao, upimwe kama wao. Katika uamuzi huu kundi la damu halina kazi yoyote. Ila kwenye barua yako kuna neno moja lenye uzito kuliko O na B zote ulizoandika, na umelitaja kwa kupita tu: karasha. Hilo nitalirudia.

Ujumbe ule wa kikoba umekupa mambo mawili, hofu juu ya watoto na matumaini juu yako mwenyewe. Hofu yako hainisumbui sana, maana mama mwenye hofu hupeleka watoto hospitali. Kinachonisumbua ni matumaini. Nimeona watu waliokaa nyumba moja na mgonjwa, wakaambiwa waje wapimwe, wakajipa sababu ya kutokuja: mimi nina mwili mzuri, mimi nakunywa maziwa, mimi sikohoi. "Mimi ni B" ni sababu mpya kidogo, lakini ni ya ukoo ule ule.

Sasa tuzungumze damu yenyewe. Makundi haya yaligunduliwa Vienna na daktari Karl Landsteiner, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1901. Alikuta kwamba ukichanganya damu ya watu wawili, wakati mwingine inagandamana na wakati mwingine haigandamani. Chanzo chake ni sukari ndogo ndogo zilizobandikwa juu ya chembe nyekundu, tunaziita antijeni. Mwenye antijeni A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na A wala B ndiye O. Basi. Hakuna damu nzito wala nyepesi hapo. Damu ya B ikiwekwa mezani kando ya damu ya O, hata mimi siwezi kuzitofautisha kwa macho. Lazima nidondoshe dawa ya kupimia nione ipi inagandamana.

Kundi halibadiliki kwa chakula, dawa wala maombi. Ni urithi wa baba na mama. Ninyi wawili, yeye O na wewe B, mnaweza kuzaa watoto wa O au wa B, kwa hiyo hao wako wawili wa O hawana la ajabu. Akitokea mtu anakuuzia unga wa "kubadili kundi" au "kusafisha damu", weka pesa yako kwenye kikoba.

Hata hivyo sitaki kumcheka aliyeandika ujumbe ule, kwa sababu wazo lake lina mzizi wa kweli mahali pengine. Yapo magonjwa ambayo kundi la damu linagusa kweli, na mfano mzuri uko chini ya milima yenu. Ukishuka kutoka baridi ya Uyole kwenda Kyela, unaingia kwenye malaria. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu, na chembe zilizoshambuliwa huwa zinavuta chembe nzima zijikusanye kuzizunguka, kama watu waliozunguka ajali barabarani. Mikusanyiko hiyo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo malaria kali inapoanzia. Sukari za A na B husaidia chembe kushikamana hivyo. Mwenye O hana sukari hizo, kwa hiyo mikusanyiko yake ni dhaifu, na tafiti za Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba watu wa O hupata malaria kali kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Wanapata malaria kama kawaida, ila hawafikii sana ile hatua ya kupoteza fahamu. Kwenye kipindupindu mambo yanageuka: mwenye O akikipata, huelekea kuharisha vibaya zaidi. Kwa hiyo mtu akisema kundi la damu linahusiana na maradhi, hajasema upuuzi. Kosa ni kulichukua la malaria na kulipachika kwenye kifua kikuu.

Kwa sababu bakteria wa TB hana shughuli na chembe nyekundu. Robert Koch alimtangaza bakteria huyo Berlin tarehe 24 Machi 1882, na njia anayopita inajulikana vizuri. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akiongea kwa sauti, hutoa vitone vidogo mno vinavyoelea hewani kwa saa kadhaa chumba kikiwa kimefungwa. Wewe unavuta pumzi. Kitone kikubwa hukwama puani au kooni, kile kidogo sana hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko kuna askari wa doria, wataalamu wanawaita makrofeji, ambao kazi yao ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Wanammeza bakteria wa TB. Na hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwamba akishamezwa anaweza kuishi humo humo tumboni mwa askari, hata kuzaana. Mwili ukiwa na nguvu, huita askari wengine wakamzingira, wakajenga kijiuvimbe kama boma, wakamfungia ndani. Mtu huyo ana maambukizi lakini haumwi, hakohoi, haambukizi. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wako hivyo. Kati yao, wale ambao boma litakuja kubomoka wakaugua kweli ni kama 5 hadi 10 katika kila 100 maishani, na wengi wao huugua ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Shika hapo kwenye askari wa doria. Mambo yote yanayoamua nani ataugua yanazunguka wao: wamepata mzigo mkubwa kiasi gani wa bakteria, na wana nguvu kiasi gani. Rangi ya kofia ya chembe nyekundu inayopita kwenye mshipa jirani haiwahusu.

Lakini nikuambie ukweli wote. Wanasayansi wameliangalia swali lako, tena kwa miongo mingi, na kuna sababu ya kuliangalia: sukari zile za A na B hazikai kwenye damu tu, kwa watu wengi zimo pia kwenye mate na utando wa njia ya hewa. Tatizo ni majibu. Utafiti wa huku unasema O ndio wengi, wa kule unasema B, mwingine AB, mwingine hauoni tofauti yoyote. Kitu kinachoelekea kila upande namna hiyo, kwa kawaida ama hakipo, ama ni kidogo kiasi kwamba hakiwezi kumsaidia daktari kuamua lolote kuhusu mgonjwa aliye mbele yake. Hayo ndiyo maoni yangu, na ndiyo sababu hakuna mwongozo wa tiba unaomwambia nesi aulize kundi la damu kabla ya kupima TB.

Na kuna mtego wa hesabu ambao mimi mwenyewe niliwahi kuuingia. Nikiwa daktari tarajali, wodini tulikuwa na wagonjwa wa kifua, na usiku mmoja nisio na kazi nyingi nikaanza kupekua faili. O, O, A, O, B, O. Nikajiona nimegundua kitu. Asubuhi nikampelekea daktari wetu mkubwa karatasi yangu kwa mbwembwe. Akaiangalia, akaniuliza swali moja tu: "Na wodi ya waliovunjika miguu umehesabu?" Nikaenda kuhesabu. O, O, B, O, A, O. Kumbe O haisababishi TB wala haivunji miguu. O ni wengi tu. Tanzania karibu nusu ya watu ni kundi O, kwa hiyo popote utakapokusanya watu, wodini, sokoni Mwanjelwa, kwenye harusi, O watajaa. Ukitaka kusema O wanaugua TB zaidi, huwezi kuhesabu wagonjwa peke yao; lazima ujue O ni wangapi kati ya watu wasio na TB wa eneo lile lile, umri ule ule, maisha yale yale.

Hata watafiti hukwama hapo. Wengi hulinganisha wagonjwa wa TB na wachangia damu, kwa sababu orodha ya wachangiaji ipo tayari na makundi yao yameandikwa. Lakini mchangia damu si mtu yeyote tu. Awe na miaka 18 hadi 65, awe na kilo 50 au zaidi, asiwe na upungufu wa damu, na awe amechujwa kwa maswali ya afya. Mtu mwenye utapiamlo, ambaye ndiye TB inamtafuta, hafiki kwenye kile kiti. Ukilinganisha makundi mawili ya watu wasiofanana maisha, tofauti itaonekana, ila huwezi kuibebesha sukari ya chembe nyekundu.

Sasa baba mkwe. Umenihesabia: baba O akafa kwa kifua, mwana O amepata TB, wajukuu O. Inaonekana kama mstari ulionyooka, na ndiyo maana unatisha. Lakini angalia tena, dada. Watu wa damu moja ndio hao hao wanaolala nyumba moja. Kundi la damu linapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa urithi, na bakteria wa TB anapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa hewa ya chumba kile kile, usiku kucha, miezi kadhaa. Vitu viwili vinasafiri pamoja, hakuna kinachomwendesha mwenzake. Kama mume wako angekuwa B aliyelelewa na mzee yule, angevuta hewa ile ile.

Usielewe kwamba urithi hauna neno kabisa. Unalo. Tafiti za mapacha zilionyesha zamani kwamba pacha mmoja akiugua TB, mwenzake wa kufanana naye kabisa huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko pacha asiyefanana. Na kuna mkasa wa mwaka 1930 mjini Lübeck, Ujerumani, ambako watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa kwa makosa chanjo iliyochanganyika maabara na bakteria hai wa TB. Zaidi ya 70 walikufa, lakini walio wengi walipona, ingawa walipewa sumu ile ile. Siusimulii uiogope BCG, yaani chanjo hiyo ya TB. Kosa lilikuwa la maabara ile, si la chanjo, na watoto wako kama wana kovu la BCG begani wana kinga nzuri dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Nausimulia kwa sababu unaonyesha kwamba miili inatofautiana, na kwamba kiasi cha bakteria kilichoingia nacho kina sauti. Ila urithi huo umetawanyika kwenye vinasaba vingi vya kinga. Hauandikwi kwenye kadi ya kliniki, na hauna herufi moja ya kuusoma.

Turudi Makongolosi.

Dhahabu ya Chunya, eneo la Lupa linalochimbwa tangu miaka ya 1920, inakaa kwenye miamba ya kwatzi, yale mawe meupe yanayong'aa. Karasha linayasaga yawe unga. Kwatzi ni silika, na vumbi la silika likisagwa laini linashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale pale kwa askari wetu wa doria. Askari wanalimeza kama wanavyomeza kila kitu. Lakini silika haiyeyuki wala haimeng'enywi. Inawatoboa kutoka ndani, wanakufa, wanaliachia vumbi, askari wengine wanalimeza, nao wanakufa. Mapafu yanaanza kuwa na makovu, ugonjwa unaoitwa silikosisi. Na kwa kuwa wanaokufa ni walinzi wale wale waliopaswa kumfungia bakteria wa TB, mchimba mawe mwenye silika kifuani anaugua TB kirahisi kuliko jirani yake, mara kadhaa. Hapa hakuna tafiti zinazovutana. Wazee wa Rungwe na Kyela waliokwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini kabla ya uhuru, walikuwa na wenzao waliorudi na kifua kisichopona, na chanzo ni vumbi hili hili.

Vumbi baya ni lile usiloliona. Lile linalofanya nyusi ziwe nyeupe jioni, mengi yake hukwama puani. Lile laini linapenya kwenye kitambaa alichofunga mdomoni kana kwamba hakipo. Kwa hiyo mume wako akienda kliniki aseme wazi: nimefanya kazi kwenye karasha miaka sita, saa ngapi kwa siku, tulikuwa tunasaga kavu au kwa maji. Wagonjwa wengi hawasemi, na sisi madaktari tuna kosa letu, tunauliza "unavuta sigara?" tukaishia hapo. Mwombeni daktari apige picha ya kifua ikiwa haijapigwa, kwa sababu silikosisi na TB zinaweza kukaa pamoja, na baada ya dawa kuisha daktari atahitaji kujua makovu gani ni ya nini. Na kurudi kwenye karasha kavu baada ya kupona ni jambo la kulizungumza mapema, kabla tajiri wake hajaanza kupiga simu. Kusaga kwa maji kunapunguza vumbi sana. Kuhama kazi kunalimaliza.

Mengine yanayodhoofisha askari nayataja haraka, kwa kuwa kliniki watawapima: virusi vya Ukimwi, ambavyo ndivyo vinavyobomoa boma kuliko kitu kingine chochote, kisukari, ambacho huongeza hatari mara mbili hadi tatu, njaa na upungufu wa uzito, sigara, pombe nyingi. Mume wako akiombwa apime VVU msidhani anashukiwa kitu. Kila mgonjwa wa TB anaombwa.

Watoto sasa. Mume wako amekohoa tangu mwezi wa tano, yaani mwezi wa sita na wa saba wote, wakati Uyole kuna baridi ya kukata mfupa na madirisha yanafungwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hewa ya kuogopa watoto wameshaivuta, zamani. Kuwapeleka Tukuyu leo kunawaondoa kwenye hatari iliyoanza kupungua, maana baba yuko kwenye dawa, na kunawapeleka mbali na nesi anayewasubiri. Mdogo ndiye ninayemfikiria zaidi, na si kwa sababu ya O. Ni kwa sababu ya miaka mitatu. Mtoto chini ya miaka mitano akiambukizwa, boma lake ni changa, na TB inaweza kumfikia haraka, hata kwenye ubongo.

Mtoto huyo hakohoi makohozi ya kuweka kwenye kopo, anayameza. Kwa hiyo msishangae akichunguzwa kwa njia nyingine: atapimwa uzito na kulinganishwa na mstari wa kadi yake, mtaulizwa kama ana homa za mara kwa mara, kama amepoteza hamu ya kucheza, pengine picha ya kifua, na siku hizi hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa TB. Akikutwa nayo, inatibika. Akikutwa hana, atapewa dawa za kinga, ambazo zinaua bakteria waliofichama kabla hawajaamka. Mkubwa naye atachunguzwa, na wahudumu watawaambia kama naye anazihitaji. Mama mwingine huniambia, "Daktari, mtoto haumwi, dawa za nini?" Namjibu kwamba wakati wa kuzitumia ni huo huo ambao haumwi.

Wewe, ndugu yangu wa kundi B, umelala kitanda kimoja na mtu anayekohoa kwa miezi minne. Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyevuta hewa yake kuliko wewe. Kutokohoa leo ni habari njema lakini si cheti. Utaulizwa kuhusu kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, na utachunguzwa ipasavyo. Na jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika: kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti, mwambie nesi kabla hujaanza dawa yoyote, ya tiba au ya kinga. Rifampisini na ndugu yake rifapentini, dawa zinazotumika kwa TB, hupunguza nguvu za njia hizo. Mtu amekuja kutibu kifua akaondoka na mimba asiyoipanga, halafu akalaumu kijiti.

Vyombo virudishe kabatini. TB haipiti kwenye kikombe wala sahani wala kijiko, ni hewa. Kule Iringa watu wanagombana kuhusu kuchangia kata ya ulanzi, kumbe hatari haiko kwenye kata, iko kwenye kile chumba chenye dirisha moja ambamo watu ishirini wameketi kuanzia mchana wakiimba. Mume wako ukimtengea sahani unamwonea bure, na mwanamume aliyetengwa mezani ni mwepesi wa kuacha dawa. Ukitaka kutenga kitu, tenga kulala: kama kuna chumba cha pili, alale huko wiki hizi za mwanzo hadi kliniki waseme, na watoto wasilale naye. Afunike mdomo anapokohoa. Mchana fungua madirisha yote na mapazia, hata kukiwa na baridi, vaeni masweta; hewa inayopita inazimua vitone, na jua linaua bakteria huyu. Na tafadhali lile jiko la mkaa la kuotea moto usiku, mlango ukiwa umefungwa, litoeni nje. Hilo halihusiani na TB. Linaua familia nzima kabla ya alfajiri.

Kuhusu dawa zake, matibabu ya kawaida ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata dawa mbili. Katika vituo vya serikali hazilipiwi. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, msiogope, ni rifampisini inapita. Baada ya wiki chache atakula, atanenepa, kikohozi kitaisha, na hapo ndipo atakapoona vidonge vya nini tena. Wewe ndiye utakayemsimamia. Tanzania ilianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na namna yetu ya kufuatilia mgonjwa hadi mwisho, daktari Karel Styblo akishirikiana na mpango huo, ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo kwa dunia. Kwa hiyo nesi akikusumbua kwa simu kuhusu kidonge kimoja kilichorukwa, anafanya kazi inayojulikana hadi nje. Muulize pia kitu kimoja: je, makohozi yalipimwa kwa GeneXpert? Mashine hiyo inaonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Kama ni sugu, mpango wote wa dawa na wa kulala unabadilika.

Msisubiri tarehe ya kliniki ikiwa mume wako macho au ngozi vitakuwa vya manjano, akitapika kila kitu, akianza kuona ukungu au kutotofautisha rangi, akikohoa damu nyingi au pumzi ikimbana. Mtoto yeyote mwenye homa akilegea, akilala isivyo kawaida, akitapika na shingo kukakamaa, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe mvua.

Mkienda, beba kadi za kliniki za watoto, si kwa ajili ya kundi la damu bali kwa ajili ya uzito na chanjo. Na mama mkwe mpigie leo, umweleze taratibu kwa nini wajukuu hawaji kwanza. Kisha umwambie na lingine, ambalo sidhani kama kuna mtu amelifikiria: wiki tatu za mwezi wa saba alizokaa kwenu, chumbani, karibu na kitanda, madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi. Naye aende akapimwe huko huko Tukuyu.